Profesa wa Sabini na Tano

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilivyowaacha: nimekaa nyuma ya meza ya watu, ndani ya koti la watu, miwani isiyonisaidia chochote iko puani, na mlango unafunguka. Wanaoingia leo niwape kwa ufupi.

Mimi ni mzee wa kutangatanga. Shule nimeisoma kwa vipande, darasa moja mji huu, jingine mji ule, mengine kwa kuchungulia dirishani. Nimepaka rangi mabango, nimekuwa utingo wa malori, nimebeba mizigo hotelini, nimeendesha gari la chuo fulani nikiwapeleka walimu mikutanoni. Mwaka jana nilirudi na begi moja kwa binti yangu. Nilimwacha akiwa darasa la tatu. Alinifungulia mlango bila kuniuliza swali.

Nikapata kazi ya kufagia na kufungua mlango katika ofisi iliyo juu ya duka la matairi. Ofisi hiyo huwaandaa watu wanaoomba kuingia vyuo vikubwa vya biashara, vile ambavyo wanaomba umati na wanachukuliwa wachache wa kuhesabika. Bosi wetu ni kijana wa rika la mkwe wangu, ana viatu vya kung'aa na maneno yanayong'aa kuliko viatu. Siku moja akaona mvi zangu zinauzika. Akanivisha koti, akaniita Profesa Mstaafu, akanipa kazi ya kukaa mezani na kuwaambia watu wana nafasi kiasi gani ya kuchaguliwa.

Basi mlango ukafunguka. Aliyeingia ni binti yangu.

Alisimama na bahasha yake kifuani. Akanitazama. Akatazama kibao kilicho mezani. Akanitazama tena.

"Baba?"

Natamani ningekuwa mtu wa kusimama na kusema, mwanangu toka, hapa hamna kitu. Nilichofanya ni kusukuma miwani juu ya pua.

"Karibu, mama. Keti."

Nyuma yake Bosi alikuwa bado ameshika kitasa.

"Mnafahamiana?"

"Ni baba yangu," binti akasema. "Aliniambia anafanya kazi mlangoni."

Bosi hakosi neno hata umwamshe usingizini. "Mlangoni!" Akapiga makofi. "Umemsikia? Wasomi wa zamani ndivyo walivyo, hawajikwezi. Sisi tunajitangaza barabarani, yeye anasema yuko mlangoni!"

Binti akaketi taratibu, macho hayabanduki kwangu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeokota kitu alichokwisha kukata tamaa nacho. Akafuta jicho kwa kiganja.

"Unacheka nini?"

"Nitakuambia siku nyingine. Wewe nipime, baba. Nipime kama mgeni, usinipendelee."

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tunapima. Bosi alinifundisha siku ya kwanza kabisa: "Chini ya hamsini mteja anakimbia. Juu ya themanini atakuja kutudai. Wewe cheza katikati."

Mengine niliyaongeza mwenyewe. Namuuliza mtu amefanya kazi wapi, amewahi kuongoza watu, kwa nini anataka biashara. Nafungua bahasha, napitisha kidole kwenye alama zake kama najua ninachokitafuta. Natazama dari. Kisha nanyamaza. Hapo penye kunyamaza ndipo palipokuwa na biashara yote. Mtu anameza mate, anashika magoti, anaanza kuniomba kimoyomoyo. Ndipo navua miwani.

"Sabini na tano kwa mia."

Karibu wote niliwapa hiyo. Ni namba inayokaa vizuri mdomoni. Haina majivuno, na haimkatishi mtu tamaa.

Msinicheke bado, kuna baya zaidi. Nilianza kujiamini.

Watu walikuwa wanarudi, jamani! Anaingia kijana na tai yake, kreti ya soda begani, anapiga kelele tangu ngazini: "Profesa, ulisema, na imekuwa!" Miezi inapita, anakuja dada mmoja na saa ya ukutani, ananibusu mkono. Na hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyewahi kurudi kuniambia nilikosea. Nikajiuliza: mtu ambaye hakosei, kweli huyo ni tapeli? Au pengine nina kipaji? Pengine miaka yote ile ya kutazama sura za abiria na wageni wa hoteli imenipa jicho? Nikaanza kutembea mikono nyuma.

Kwa hiyo binti yangu alipoketi mbele yangu, hakuketi mbele ya mwongo anayejijua. Aliketi mbele ya mwongo aliyejisahau.

"Eleza shida yako," nikasema kwa sauti ya kazi.

"Nimeomba viwili, baba. Chuo cha Matofali na Chuo cha Vioo." Ndivyo mji mzima unavyoviita, kwa majengo yake. Cha Matofali ni kizuri. Cha Vioo ndicho kila mtu anachokitolea macho. "Matofali wameshanichukua. Wanataka jibu Ijumaa kabla ofisi haijafungwa. Nikisema ndiyo nimejifunga, Vioo wananifuta. Na Vioo wenyewe majibu yao yanatoka mwezi ujao."

"Na kazini?"

"Kazini ndiko kisu kiko shingoni. Mkurugenzi kasema kiti cha umeneja ni cha atakayeanza masomo msimu huu. Nikikosa kote kuwili, anapewa mwingine, mimi nabaki stoo kupanga magodoro mpaka mgongo ukatike." Akasogea mbele. "Nikiwaacha Matofali nikawasubiri Vioo, nina nafasi gani?"

Nikafungua bahasha. Alama zake zilikuwa nzuri, si za kutisha mtu. Barua ya kiwanda ilimsifu: ndiye mkuu wa stoo, mali haipotei, wapakiaji wanamheshimu. Nikapitisha kidole. Nikatazama dari.

Bosi akakohoa kidogo. Kikohozi kile maana yake sabini na tano.

Ila mimi kule darini sikuiona namba. Nilimwona mtoto wa darasa la tatu na soksi moja imeshuka. Tangu siku ile sikuwahi kumpa kitu, hata penseli. Na sasa, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na kitu anachokitaka na ninaweza kumpa bila kukopa kwa mtu.

Nikavua miwani.

"Themanini na tano."

Bosi akakohoa tena. Safari hii alipaliwa kweli.

"Themanini na tano? Kweli, baba?"

"Mama," nikamwambia, "mimi huwa sikosei."

Neno hilo lau ningeweza kulinyofoa hewani, ningelimeza hata kama lina miiba.

Nyumbani jioni ile mambo yalikuwa yamegeuka. Mkwe wangu ni fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache, na kwa mwaka mzima alikuwa ananiita "mgeni wetu", kwa ile namna ya mtu anayejiuliza mgeni ataondoka lini. Nilipoingia sebuleni akasimama. Akanipisha kiti chake kile kizuri, chenye mto.

"Kaa, Profesa. Kumbe tunaishi na mtu mkubwa tunamlaza chumba cha mabeseni!"

"Nilikuwa sitaki makuu," nikasema. Sikuona haya, wasomaji. Nakwambieni sikuona haya hata kidogo. Haya ilikuja baadaye, na ilikuja na jamaa zake wote.

Binti yangu alipokwenda jikoni, mkwe akanisogelea.

"Mzee, usinielewe vibaya. Hawa wa Matofali si wameshamkubali? Si angechukua tu hiki alichopewa, mambo yakaisha?"

"Wewe umesoma biashara?"

"Hapana."

"Basi shughulika na gesi zako."

Ndani ya nyumba ile mtu mmoja tu alikuwa anaongea akili, na mimi ndiye niliyemziba mdomo, nimekaa kwenye kiti chake.

Ijumaa asubuhi Bosi akanituma kupeleka koti kwa dobi, maana kesho yake kulikuwa na kikao cha wateja wapya na kola ilikuwa imeshika uchafu. Dobi wetu wa siku zote alikuwa amefunga. Nikatafuta mwingine mtaa wa nyuma, kiduka chembamba, mvuke umejaa, mashati yananing'inia kama watu waliopanga foleni.

"Hodi."

"Karibu. Weka tu hapo mezani, mzee." Sauti imetoka nyuma ya mashati. Mtu hatokei. Naona miguu tu, na miguu yenyewe inarudi nyuma.

"Koti lina doa. Njoo nikuonyeshe."

"Nitaliona tu."

"Kijana, unamkimbia nani? Sidai mtu mimi."

Mashati yakafunguka. Akatoka kijana mrefu, pasi mkononi, macho chini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Tunajuana?"

"Ulinipima mwaka jana. Nilikuwa ofisi ya bima."

"Aaa! Wewe!" Simkumbuki hata kidogo. "Habari za masomo? Hapa ni mradi wako wa pembeni?"

Akaweka pasi chini kwa uangalifu, kama mtu anayejiandaa kupokea adhabu.

"Nisamehe, Profesa. Nilikuangusha."

"Ulini... nini?"

"Ulinipa sabini na tano. Nikaacha kazi ya bima ili nijiandae vizuri kwa usaili. Hata kwenye usaili hawakuniita." Akajaribu kutabasamu. "Sijui niliharibu wapi. Usiku na mchana najiuliza. Umenipa sabini na tano nzima, nikaenda mwenyewe kuitafuta ile ishirini na tano."

Nikashika ukingo wa meza.

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ningekuja na uso gani? Mtu kama wewe anakuamini, unamrudia mikono mitupu, unamharibia jina? Hata wenzangu wanaona haya. Yule muuguzi wa kundi letu, akifika duka la matairi anavuka barabara ili usimwone."

"Kundi lenu lilikuwa na sabini na tano wangapi?"

"Sote!" Hapo akacheka kweli. "Tulipoulizana tukashangaa. Tukasema, jamani, kundi hili ni kali."

"Na aliyeingia ni nani?"

"Si yule wa kreti ya soda?"

"Na wengine?"

"Hakuna wengine, Profesa. Ni yule tu."

Mvuke ule sijui ulikuwa wa pasi au wa kichwa changu. Mambo yalinijia yote kwa pamoja. Wanaoingia wanarudi na soda. Wanaokosa wanavuka barabara. Na mimi nilikuwa nimekaa kule juu, nahesabu soda tu, naona mji mzima umefaulu! Niliowatapeli ndio waliokuwa wananilinda. Kila mmoja amejifungia na aibu yake, akidhani mkosaji ni yeye.

"Kijana," nikaanza. "Wewe hukuniangusha..."

"Usinipe moyo, Profesa. Najijua." Akalichukua koti, akaligeuza kola, akalipapasa kama kitu cha heshima. "Na hili silipishwi, yaani sikulipishi. Angalau hili niache nilifanye vizuri."

Nikatoka. Sikumwambia. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na nafasi, na mdomo ukagoma. Hilo nalo liwekeni kwenye hesabu yangu.

Nilipanda ngazi za ofisi natweta.

"Bosi. Tangu tuanze, wangapi wameingia vyuo?"

Alikuwa anajifuta viatu. "Nitajuaje? Nawafuata makwao?"

"Hujawahi kuuliza?"

"Mzee, sisi tunauza kipimo, hatuuzi nafasi. Daktari akikupima homa, ndiye aliyekupa?"

"Daktari ana kipimajoto!"

"Na wewe una mvi." Akainua kichwa. "Koti liko wapi?"

Nikageukia ngazi. Nilikuwa nimeshakumbuka kwamba leo ni Ijumaa.

Kiwanda cha magodoro kiko nje ya mji, na mpaka nimefika jua limeshapita utosini. Mlinzi wa geti akanikodolea macho.

"Wewe ndiye baba wa Mkuu wa Stoo? Yule Profesa? Pita, mzee, pita. Wewe wa kupekuliwa?"

Kumbe alikuwa ametangaza kiwanda kizima.

Stoo ile ni kubwa kama uwanja, magodoro ndani ya nailoni yamepangwa mpaka karibu na paa, harufu ya gundi inakwangua koo. Wapakiaji waliponiona wakasimamisha kazi.

"Profesa, nipime na mimi!" akaita mmoja kutoka juu ya rundo.

"Huyo mpime uzito tu," akajibu mwenzake, "kichwani hamna cha kupima!"

Wakacheka wote. Binti yangu akatokea nyuma ya lori, penseli imechomekwa nyweleni, uso umechanua.

"Baba! Umekuja kuona ninapohangaikia?"

"Umewajibu Matofali?"

"Asubuhi hii hii. Nimewaandikia nashukuru, lakini siji. Nilisita kidogo, nikakumbuka maneno yako, huwa hukosei. Nikatuma." Akanitazama vizuri. "Una nini? Mbona umekuwa hivyo?"

Nikamvuta kwenye kichochoro kati ya marundo mawili. Kati ya magodoro sauti haiendi mbali, inamezwa hapo hapo. Unaongea kama mtu aliyefunikwa mto.

"Mama, mimi si profesa."

Akacheka. "Bosi wako kaniambia, nyinyi hamjikwezi."

"Nisikilize. Mimi ni mfagiaji. Koti ni la ofisi. Miwani ni ya vioo vya dirisha. Chuoni nimewahi kufika, ndiyo, nikiwa dereva. Mle ndani sikuingia ila siku moja, kuomba maji ya kunywa."

Kicheko hakikuondoka mara moja. Kilibaki usoni kikawa hakina kazi.

"Na themanini na tano? Ilitoka wapi?"

"Mdomoni."

"Mdomoni."

"Nilidhani najua. Wallahi nilidhani. Walikuwa wanarudi na soda..." Nikasikia ninavyosikika, nikaacha.

"Basi ya kweli ni ngapi?"

"Sijui, mama. Sijawahi kujua ya mtu yeyote."

Akakaa kwenye godoro la chini. Nailoni ikalia. Safari hii mwenye kunyamaza alikuwa yeye, na mwenye kumeza mate ni mimi.

"Ulipoondoka," akasema, haniangalii, "watoto darasani walikuwa wananiuliza, baba yako yuko wapi? Nikawaambia amekwenda kusoma. Mbali. Akirudi atakuwa profesa." Akachomoa penseli nyweleni, akaishika tu. "Niliwadanganya mpaka nikamaliza shule. Mama alijua, hakunikataza. Juzi nilipoingia mlango ule nikakukuta nyuma ya meza, ndiyo maana nilicheka. Nilisema moyoni, kumbe sikuwa naongopa!"

Nimepigwa na watu katika maisha yangu, barabarani, gereji, hata hotelini nilipodondosha sanduku la mtu. Hakuna aliyenipiga hivyo.

"Mama, nipe namba ya Matofali. Ofisi bado iko wazi. Niwapigie, niwaombe."

"Nimeshakataa, baba. Kwa maandishi."

"Niache nijaribu. Kosa ni langu."

Lori lilianza kupiga honi. Akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa nguo ya kazi. Akanipeleka kwenye kile kijichumba cha mbao chenye simu ya stoo, akanionyesha namba iliyobandikwa ukutani. Alikuwa ameibandika siku aliyochaguliwa, akachora nyota pembeni kwa kalamu nyekundu.

"Piga," akasema. "Lakini sikia. Ukidanganya tena mtu yeyote, kwa ajili yangu, hata neno moja, leo usirudi kwangu. Afadhali nizeeke na haya magodoro. Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa."

Akaenda kwenye lori. Nikapiga.

Iliita mpaka nikakata tamaa. Kisha sauti ya mama mtu mzima, imechoka.

"Ofisi ya udahili, nani mwenzangu?"

Nikaeleza. Nilieleza taratibu, jina la mwombaji, kiwanda, jibu la asubuhi. Nikasikia anabonyezabonyeza.

"Naam, namwona. Amekataa. Nafasi yake bado sijampa mtu. Tukifunga ofisi anapewa wa akiba."

"Basi mrudishieni, tafadhali. Alishauriwa vibaya."

"Hatufanyi hivyo, mzee wangu. Akishakataa, wa kumrudisha ni mshauri wake wa masomo tu, mtu wa chuo. Anataja cheo chake, mimi naandika hapa, imekwisha. Mzazi simpokei. Tangu asubuhi wazazi wamenililia mpaka masikio yanauma." Akashusha pumzi. "Ila wewe si mzazi, nasikia. Wazazi wanapiga kelele. Wewe unaongea kwa mpango. Wewe ni mwalimu wake, sivyo? Profesa?"

Alikuwa ananipa mwenyewe. Sikuhitaji kutunga kitu, wala koti, wala miwani. Nilihitaji neno moja fupi.

Honi ya lori ikanyamaza. Nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa kijichumba, penseli mkononi, ananitazama mdomo. Sauti ya yule mama wa simu haimfikii. Nikisema ndiyo, binti yangu atasikia ndiyo tu. Hatajua kamwe nimeulizwa nini.

Atapata chuo. Atapata kiti. Na mimi nitarudi nyumbani.

"Haloo? Mzee, uko hapo? Nafunga ofisi mimi."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Wanasemaje?" binti akauliza polepole.

"Profesa?" ikaita simu.

"Baba?" akaita binti yangu.